Nani Anayesafisha Maji? Historia ya Tangi la Samaki la Sebuleni

Katika miaka ya 1840, nyumbani kwa kasisi mmoja wa Westminster, London, alikuwapo mtumishi wa kike aliyepewa kazi ya ajabu. Kila siku alisimama mbele ya dirisha lililo wazi, akamimina maji ya bahari kutoka chombo kimoja hadi kingine, akayarudisha, akayamimina tena, nusu saa nzima na zaidi. Mama mwenye nyumba, Anna Thynne, alikuwa amerudi kutoka pwani ya Torquay mwaka 1846 na matumbawe hai, na hakutaka yafe. Kutoka London hadi baharini ni safari, na maji mapya hayakupatikana kila alipoyahitaji. Akaona heri yale yale ya zamani yapigwe na hewa. Mwaka uliofuata alitia mimea ya bahari ndani ya chombo isaidie kazi hiyo.

Pampu ndogo inayotoa mapovu leo katika tangi la samaki la Kariakoo au Nairobi ndiyo iliyochukua kazi ya mikono ya mtumishi yule. Ila hewa ilikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili, yaani nani anayesafisha maji ambayo samaki anakula, anapumua na kunya humo humo, iliwachukua watu zaidi ya miaka mia moja kuielewa, na njiani walikufa samaki wasiohesabika.

Kufuga samaki ndani ya chombo hakukuanzia Ulaya. Wachina wa enzi ya Song, kati ya mwaka 960 na 1279, walikuwa tayari na samaki wa dhahabu katika mabwawa ya bustani zao, na enzi ya Ming ilipofika wakawaingiza ndani ya nyumba, katika mitungi ya kauri. Mtungi hauonyeshi ubavu. Mtu aliwatazama samaki wake akiwa amewainamia, na wafugaji wakachagua kizazi baada ya kizazi wale wenye migongo na mikia inayopendeza kutoka juu. Kioo kilikuja kuwa jambo la Wazungu: Mwingereza Samuel Pepys aliandika katika shajara yake mwaka 1665 kwamba amewaona samaki wakifugwa ndani ya chombo cha kioo, naye alishangaa. Utunzaji wenyewe haukuwa na elimu yoyote. Maji yakichafuka yanamwagwa, yanatiwa mengine. Samaki wakifa, wananunuliwa wengine.

Aliyelikabili jambo hili kwa akili ya maabara alikuwa Robert Warington, mkemia wa London aliyefanya kazi kwa chama cha wauza dawa. Mwaka 1849 aliweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo chenye mchanga, mawe na mmea wa majini uitwao Vallisneria, ule wenye majani marefu kama utepe. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: samaki anavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, mmea ukipata mwanga unafanya kinyume chake, basi viwili hivyo vikae pamoja na maji yasibadilishwe kamwe. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha majani yaliyozeeka yakaanza kuoza, maji yakapata ukungu, na ute wa kijani ukatanda kwenye kioo. Warington akaenda kutafuta konokono wa bwawani. Konokono wakala majani yaliyooza, wakakwangua ute, wakataga mayai, na samaki wakajilia makonokono machanga. Mwaka 1850 akawasomea wakemia wenzake taarifa ya jambo hilo, katika chama alichokuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1841.

Wazo likapata jina la usawa: mnyama, mmea na mla uchafu, kila mmoja akimlisha mwenzake, na binadamu akitazama tu. Lilikuwa wazo zuri mno, na hapo ndipo lilipopotosha watu.

Zama zenyewe zilikuwa zimeiva kwa mambo hayo. Serikali ya Uingereza ilikuwa imefuta kodi ya vioo mwaka 1845, baada ya kuitoza kwa karibu karne nzima, na bei ya kioo ikashuka. Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, ya kwanza ya aina yake kwa umma. Mwaka uliofuata mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake kuhusu akwariamu, yaani tangi la samaki, na wenye nafasi wakakimbilia madukani. Matangi ya wakati huo yalikuwa mizigo kweli: fremu za chuma, sakafu ya jiwe la sleti, lakiri kwenye maungio iliyokauka na kupasuka. Wengi walisoma kwamba tangi linajitunza lenyewe, wakalijaza samaki, na baada ya wiki moja wakaamka na harufu. Mapenzi yale yalipoa ndani ya miaka kumi hivi, na matangi mengi yakaishia kupandwa maua.

Ujerumani mambo yalichukua njia nyingine. Emil Adolf Rossmässler, mwalimu wa elimu viumbe aliyepoteza kazi baada ya kukaa katika bunge la mapinduzi la Frankfurt, aliandika mwaka 1856 katika gazeti la familia lililosomwa sana, Die Gartenlaube, makala kuhusu ziwa ndani ya kioo. Waingereza walikuwa wakihangaika na maji ya chumvi. Yeye aliwaelekeza Wajerumani, ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari, kwenye dimbwi lililo nyuma ya nyumba. Samaki wadogo, konokono na mimea ya maji baridi vilipatikana bure. Kwa hiyo ufugaji wa samaki ukawa jambo la fundi, mwalimu wa shule na karani, nao wakaunda vyama vyao, wakakutana jioni, wakabadilishana mimea na wakatukanana magazetini kuhusu namna sahihi ya kuweka mchanga.

Samaki wa nchi za joto walifuata. Mwaka 1869 Pierre Carbonnier wa Paris alipokea kutoka China samaki wenye mistari ya rangi nyekundu na buluu, wale ambao dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji na kuyalinda mayai. Akawazalisha, na habari ikaenea Ulaya. Uzuri wao ulisaidia, lakini siri ya kuishi kwao ilikuwa nyingine: samaki hawa wana kiungo kichwani kinachowawezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Wangeweza kusafiri miezi melini katika maji yaliyochoka, na wangeweza kuvumilia mwenye nyumba asiyejua kitu. Joto walipewa kwa taa ya mafuta au moto wa gesi uliowashwa chini ya sakafu ya tangi. Moto ukizidi, mchuzi.

Sasa inafaa kurudi kwa familia ya Warington, kwa kuwa jibu la swali la baba lilifikiwa na mwanawe bila hata kulitafuta.

Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha majitaka ya Paris polepole ndani ya bomba lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hakikutokea chochote. Amonia iliyoingia ndiyo iliyotoka. Kisha ghafla nitreti zikaanza kuonekana upande wa pili, na amonia ikatoweka. Walipopulizia mvuke wa klorofomu, kazi ilisimama. Klorofomu hulewesha na kuua viumbe hai, haiwezi kuulewesha mchanga. Basi ndani ya mchanga kulikuwa na kitu kilicho hai.

Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kaskazini mwa London, Robert Warington mdogo aliichukua habari hiyo akaifanyia kazi kwa zaidi ya miaka kumi. Yeye alikuwa na shida ya mashamba: mbolea ya amonia inageukaje kuwa nitreti ambazo ngano inazitaka? Aligundua kwamba kazi hiyo ina hatua mbili, na kila hatua ina vijidudu vyake. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitraiti. Wa pili huichukua nitraiti na kuifanya nitreti. Alijaribu sana kuvitenga vijidudu hivyo, akashindwa. Aliyefaulu ni Mrusi Sergei Winogradsky, akiwa Zürich, mnamo 1890.

Hii ndiyo kazi inayofanyika ndani ya kila tangi lenye afya. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na amonia hiyo humuunguza matamvua hayo hayo. Nitraiti nayo ni sumu: huiharibu damu isibebe oksijeni, na samaki hutweta juu ya maji hata kama hewa ipo tele. Nitreti ina nafuu kubwa, mimea huila, na inayobaki huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria wanaofanya mageuzi haya hawaogelei ovyo majini. Hujishika kwenye mchanga, mawe, kioo na sponji ya filta, na huongezeka taratibu sana wakilinganishwa na bakteria wa kawaida wa kuozesha.

Tangi la Warington baba, basi, halikuokolewa na konokono peke yao. Konokono haondoi uchafu, anaumeng'enya na kutoa wake. Vallisneria ilinyonya amonia kiasi, samaki walikuwa wawili tu, na mchanga ulikuwa umekaa muda wa kutosha kupata wakazi ambao mkemia yule hakuwaona. Mwanawe aliwakaribia wakazi hao kwenye udongo wa shamba, lakini habari hiyo haikuwafikia wafugaji wa samaki wa zama zile.

Waliendelea kuamini usawa. Hata kuenea kwa umeme, hita na pampu mwanzoni mwa karne ya 20 hakukuiondoa imani hiyo. Ni mwaka 1949 ndipo James Atz wa akwariamu ya New York alipoandika wazi kwamba usawa ule ni hadithi: oksijeni nyingi huingia tangini kupitia uso wa maji, wala si kutoka kwa mimea, na usiku mimea yenyewe hushindana na samaki kwa oksijeni. Tangi pana na fupi lina samaki wenye raha kuliko lile refu na jembamba, hata kama maji ni kiasi kilekile. Bakuli la duara lililojazwa mpaka shingoni ni baya kuliko yote, na bado linauzwa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia filta zilizovuta maji kupitia changarawe ya chini zilienea, na watu wakaona kwamba changarawe iliyokaa muda mrefu huweka maji safi kuliko mpya. Katika miaka ya 1960 silikoni ilikuja, vioo vikagandishwa kwa vioo, chuma na sleti vikatupwa. Mwaka 1970 kitabu cha Stephen Spotte kiliwapa wenye akwariamu kemia nzima ya amonia kwa lugha ya fundi. Hapo ndipo elimu ya Rothamsted ilipofika sebuleni, ikiwa imechelewa kwa miaka themanini. Elimu yenyewe haikusimama: mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kuwa nitraiti ya matangi ya maji baridi huliwa na bakteria wa kundi la Nitrospira, wala si wale waliokuwa wakitajwa vitabuni, na mwaka 2015 timu mbili za watafiti zikatangaza kwamba wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao.

Wakati maji yameanza kueleweka, ndipo Ziwa Tanganyika lilipoingia katika biashara hii.

Samaki wake walijulikana kwa wataalamu tangu zamani. Mwingereza J. E. S. Moore alifika ziwani mwaka 1896 na tena 1899, na mmoja wa samaki aliowapeleka London, mwenye kichwa butu na midomo ya kukwangua mwani miambani, alipewa jina lake na mtaalamu wa samaki George Boulenger mwaka 1898: Tropheus moorii. Mvuvi wa Kigoma hakuwa na habari na samaki hao wa miambani. Sufuria ilitaka dagaa, migebuka, sangara, na yule kuhe mkubwa. Vidogo vya rangi vilivyojificha katika mawe viliachiwa watoto na ndoano zao.

Mambo yaligeuka miaka ya 1970. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyeishi Bujumbura, alianza kuwavua hao wadogo kwa wazamiaji na nyavu na kuwasafirisha kwa ndege. Mbinu ilikuwa mfuko wa plastiki: maji sehemu ndogo, oksijeni sehemu kubwa, mfuko unafungwa kwa mpira na kuwekwa katika sanduku lisilopitisha baridi. Kabla ya safari samaki hufungishwa siku kadhaa ili wasitoe uchafu njiani. Wale wa kina kirefu, kama frontosa mwenye nundu kichwani, hupandishwa hatua kwa hatua, kwa maana wakivutwa moja kwa moja vibofu vyao vya hewa hutanuka na kuwaua. Max Poll, mtaalamu wa samaki wa Ubelgiji, alimpa samaki mmoja jina la brichardi mwaka 1974. Ni samaki mwembamba mwenye mapezi ya kuchirizika kama uzi mweupe, na madukani Ulaya huitwa binti mfalme wa Burundi. Ana tabia ambayo mwenye tangi huiona kwa macho yake: watoto wa uzao wa kwanza hawaondoki, wanabaki kuwalinda wadogo zao.

Yupo pia mmoja wa wadogo kabisa, Neolamprologus multifasciatus, asiyezidi urefu wa kidole gumba. Kwake ni kombe tupu la konokono. Ziwani makombe ya konokono aitwaye Neothauma yametapakaa chini kwa maelfu, na koo nzima za samaki hawa huishi humo. Ukimwekea makombe tangini hatulii mpaka ayapange upya. Huchota mchanga kwa mdomo, akautema pembeni, akarudi, akachota tena, mpaka kombe limezama na mlango tu umebaki wazi. Jirani akisogea sentimita chache, ugomvi.

Samaki wa Tanganyika walikuwa mtihani wa elimu yote ya nyuma. Maji ya ziwa ni magumu na yana alkali, pH yake ikicheza karibu na 9. Katika maji ya aina hiyo amonia iko zaidi katika umbo lake lenye sumu, kwa hiyo kiasi ambacho samaki wa mito ya Amazoni, penye maji yenye asidi, angekivumilia, huku kinaua. Zaidi ya hapo Tropheus anataka kukaa kundi kubwa, anataka chakula cha mimea, na akilishwa nyama nyingi tumbo huvimba akafa. Samaki wa Carbonnier waliwasamehe wasiojua. Hawa wa kwetu hawasamehi. Bila filta iliyokomaa na mtu anayejua iliyomo ndani yake, wangebaki picha vitabuni.

Waliobahatika ni Wajerumani tena, kwa kuwa maji ya bomba ya miji yao mingi ni magumu kwa asili. Biashara iliposhamiri upande wa Tanzania na Zambia, samaki wakauzwa kwa jina la mwamba walikotoka, kwa sababu rangi hubadilika kutoka ghuba hadi ghuba. Matokeo yake ni kwamba mzee wa Düsseldorf ambaye hajawahi kukanyaga Afrika hutofautisha Ikola, Maswa na Kipili kwa rangi ya samaki, majina ambayo wengi wa Dar es Salaam wangehitaji ramani kuyapata. Fedha, hata hivyo, hazikufuata majina. Samaki hawa huzaliana vizuri tangini, na aina zinazouzwa zaidi Ulaya sasa hutoka kwa wafugaji wa huko huko.

Unguja nayo ina mchango wake. Mwaka 1893 mtaalamu wa wanyama Georg Pfeffer alimwelezea samaki wa vidimbwi vya kisiwa hicho, sasa Nothobranchius guentheri, ambaye huanguliwa mvua zinapojaza kidimbwi, hukua haraka, hutaga mayai katika tope na kufa kidimbwi kinapokauka. Mayai hungoja mvua nyingine yakiwa ndani ya tope. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walitambua mapema faida ya jambo hilo: mayai huwekwa katika mboji yenye unyevu, yakatiwa bahasha na kupelekwa kwa posta, na anayepokea huyatia maji tu.

Anayetaka tangi lake mwenyewe leo, awe Mwanza, Mombasa au Arusha, anaanzia mahali walipofika hawa wote. Joto la pwani linamwondolea gharama ya hita. Nairobi na Arusha usiku wa Julai anaihitaji, maana samaki wengi wa nchi za joto hutaka nyuzi 24 hadi 27. Maji ya bomba yenye klorini ayaache yapumzike kwenye ndoo siku nzima, kwa sababu klorini iliyotiwa kuua vijidudu vya kipindupindu haivibagui vya filta. Sponji ya filta aioshe kwa maji yaliyotolewa tangini, asiifikishe kwenye bomba. Kila wiki abadilishe maji robo hivi, asiyamwage yote kama walivyofanya watu wa bakuli. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, asiwalishe samaki, na achote maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu, kazi ileile ya Westminster.

Lakini kabla ya yote hayo kuna subira. Schloesing na Müntz walingoja siku 20, na tangi jipya huchukua muda kama huo au zaidi, mara nyingi wiki nne hadi sita, mpaka bakteria wakae sawa. Filta iendeshwe, kitiwe chakula kidogo cha samaki kioze humo kiwape amonia ya kuanzia, maji yapimwe, na samaki waje mwishoni, wachache kwanza. Mwenye duka akikwambia maji yakilala usiku mmoja yanatosha, mwambie akuuzie tangi leo na samaki mwezi ujao.